Kusakinisha Linux juu ya LVM iliyopo: wapya, msikimbilie kubofya

Jamani, kosa ni lile lile kila wanapoingia wapya. Diski ina VG nzima (kundi la hifadhi la LVM, mfumo wa Linux wa kugawa diski), /home imejaa kazi za watu, halafu mtu anakiachia kisakinishi kijipangie. Mifano hapa ni ya Debian na Ubuntu.

1. Chaguo la kuongozwa, lile la "diski nzima pamoja na LVM", halitumii LVM mliyo nayo. Linafuta jedwali la patisheni na kuunda PV mpya (patisheni iliyotengewa LVM). Chagueni kupanga kwa mkono. LV (vipande vya VG vinavyotumika kama patisheni) zisipoonekana, fungueni terminali, `vgchange -ay`, kisha `lvs`.

2. `vgcfgbackup -f /media/usb/vg0.txt vg0` kabla ya yote (vg0 ni jina la VG kwenye mifano hii). Inahifadhi ramani ya LV tu. Data inahitaji nakala yake, tena kwenye diski nyingine.

3. Root ya zamani (LV yenye mfumo wenyewe) iacheni. Angalieni safu ya VFree (nafasi tupu) kwenye `vgs`. Nafasi ikiwepo, `lvcreate -L 30G -n root_mpya vg0`. Nimeweka mstari wa chini kwa makusudi: ukiandika root-mpya, ndani ya /dev/mapper itaitwa vg0-root--mpya, kistari mara mbili, na anayeandika fstab (orodha ya vya kupachika) kwa kukisia hukwama hapo. VFree ikiwa sifuri, LV ya ext4 hupunguzwa kwa `lvreduce --resizefs` ikiwa haijapachikwa. XFS msihangaike nayo, kupungua kwake si kwa kutegemea. /home na patisheni ya EFI wekeeni mahali pa kupachika tu, alama ya kufomati iondoeni. Swap pia: ikifomatiwa upya UUID (kitambulisho chake) inabadilika, na mfumo wa zamani utakaa sekunde 90 ukiisubiri kila unapowaka.

4. VG iliyo ndani ya LUKS (usimbaji wa diski kwa nenosiri). Hapa naomba mtulie, maana ndipo watu wanapopoteza data bila sababu. Unafungua kwa mkono, `cryptsetup open /dev/sda3 sda3_crypt`, unawasha VG, usakinishaji unakwenda vizuri hadi mwisho. Unawasha upya. Nenosiri haliulizwi. Skrini inakaa kimya, kisha inasema /dev/mapper/vg0-root_mpya haipo, na unaachwa kwenye kidokezo cha (initramfs), ule mfumo mdogo unaotangulia kuwaka. Mgeni anaamini diski imekufa, anarudia usakinishaji kwa haraka, safari hii kwa chaguo la kuongozwa, na kichwa cha LUKS kinaandikwa juu. Sasa ndiyo imekufa kweli. Mara ya kwanza ilikuwa nzima kabisa!

Sababu ni kwamba kufuli la LUKS umelifungua wewe, si kisakinishi. Chenyewe kimeona LV za kawaida tu, kwa hiyo /etc/crypttab (orodha ya diski za LUKS za kufunguliwa mfumo unapowaka) haina kitu na initramfs haina cryptsetup. Kabla ya kuwasha upya, bakini kwenye USB ya usakinishaji. Pachikeni root mpya kwenye /mnt, kisha /boot na /boot/efi ndani yake, kisha `mount --rbind` kwa dev, proc, sys na run, halafu `chroot /mnt` (kuingia ndani ya mfumo mpya). Sakinisheni cryptsetup-initramfs na lvm2. Chukueni UUID kwa `blkid /dev/sda3`, yaani ya patisheni ya LUKS, si ya LV. Wengi huchanganya hizi mbili. Ndani ya crypttab:

`sda3_crypt UUID=... none luks`

Jina la mwanzo lifanane herufi kwa herufi na lile ulilofungulia, la sivyo `update-initramfs -u -k all` italalamika kwamba haikulikuta kwenye crypttab. Msilipuuze onyo hilo. Hakikisheni kwa `lsinitramfs` juu ya initrd mpya (faili ya initramfs) mkitafuta cryptsetup. Aliyekwisha kuwasha upya arudi kwenye USB, afungue tena, afuate hatua hizi hizi. Hakuna haja ya kusakinisha upya.

5. Menyu ya GRUB (kiwasha mfumo) isipoonyesha mfumo wa zamani, tangu toleo la 2.06 os-prober (kitafuta mifumo mingine) imezimwa: `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false` kwenye /etc/default/grub, kisha `update-grub`.

6. Faili za /home zikikataa kuandikwa, linganisheni namba za wamiliki kwa `ls -ln /home`. Mtumiaji wa kwanza huwa 1000.

7. Root ya zamani ifuteni kwa `lvremove` baada ya mpya kuwaka mara kadhaa, sasisho la kerneli likiwemo. Nafasi iliyobaki ipeni LV inayoihitaji: `lvextend -r -L +20G vg0/home`.