Ilimba, selo na kinanda: kwa nini mazoezi ya kwanza yalivurugika

Mkuu, umesema umeandika muziki wa dakika nane wa filimbi, klarineti, selo, kinanda (piano) na ilimba (kile chombo cha Wagogo cha vichuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), kwenye kompyuta ukasikika mtamu, halafu mazoezi ya kwanza yakawa vurugu tupu. Mdau hapo juu amekwambia wapigaji waongeze mazoezi. Mimi nakataa. Ugonjwa huo nimeuugua, na mazoezi hayakuuponya.

Mimi nilikuwa na klarineti, fidla, selo na ilimba. Mpiga ilimba ni Mgogo, chombo amekirithi kwa baba yake mdogo, na nota hasomi. Mimi nimekulia kwenye kwaya ya kanisani, kwa hiyo nikatoa simu, nikafungua programu ya kupima sauti, nikakuta noti ya Bb (B iliyoshushwa nusu toni) ya ilimba iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu senti 30 (nusu toni moja ni senti 100). Nikamwomba airekebishe. Akasukuma kichuma ndani kidogo kidogo mpaka simu ikaridhika. Akapiga mara mbili tatu, akanyamaza, akakirudisha palepale kilipokuwa bila kuniuliza. "Hiyo sasa inaimba kama redio," akasema.

Nilinuna, sikufichi. Aliyeniokoa ni mpiga selo, tena bila kukusudia. Alikuwa anapasha vidole, akigusa uzi wa C kwa wepesi bila kuukandamiza, kwenye moja ya saba ya urefu wake, na ikatoka Bb ileile ya ilimba. Wote tukageuka. Kila uzi, nyuma ya sauti yake kuu, unaficha nyingine za juu zaidi, na hiyo ya saba, inayotoka uzi ukigawanyika mara saba, iko chini ya Bb ya kinanda kwa senti 31. Kumbe aliyetengeneza ile ilimba alisikia kitu ambacho selo inacho tumboni siku zote, na mimi nilikuwa nampimia kwa rula ya kinanda.

Nilifuta karibu kila kitu nilichokuwa nimeandika, zikabaki kurasa mbili. Nikaanza upya na hizo sauti za kugusa za selo zikiwa sakafu, ilimba ikitembea juu yake. Fidla haina shida, kidole kinasogea popote. Klarineti mpe noti chache pale panapogongana, na mwambie alegeze midomo: kushusha sauti anaweza, kupandisha ni kazi ngumu zaidi. Kwako wewe tatizo kubwa ni kinanda, maana hakisogei hata senti moja. Usikipigishe pamoja na ilimba. Kinyamazishe ilimba inapoingia, au kipe noti za chini kabisa, fupi, zinazofanya kazi ya ngoma.

Na hakuna sheria kwamba wote wapige muda wote. Messiaen, mtunzi Mfaransa, alipoandika kwaeti yake (muziki wa wapigaji wanne) akiwa mfungwa wa vita, ikapigwa kambini mwaka 1941, aliandikia watu aliokuwa nao: klarineti, fidla, selo, yeye mwenyewe kwenye kinanda. Ina sehemu nane, na wote wanne wanakutana katika nne tu. Ya tatu ni klarineti peke yake! Wewe umejaza baa zote (za nota, si za bia) kwa sababu kompyuta haichoki wala haivuti pumzi.

Kompyuta pia imekudanganya kuhusu nguvu za sauti. Ilimba ni ya mtu aliyekaa karibu nawe. Ule mnong'ono wa utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu lake, ambao ndio utamu wenyewe, unamezwa na filimbi ikipanda juu. Weka filimbi chini kabisa, huko ni dhaifu, wataelewana.

Suala la mpiga ilimba kutosoma nota lisikutishe. Mimi nilimtumia vipande vya sauti kwa WhatsApp, mizunguko minne, kila mmoja na jina lake. Kwenye karatasi za wenzake niliandika tu: "mzunguko wa pili unaanza fidla ikishika noti ndefu ya juu." Aliwahi kuchelewa mara moja, na kule kuchelewa kukapendeza hadi nikaandika kwenye karatasi kwamba achelewe hivyohivyo.

Jambo dogo la mwisho, hakikisha karatasi ya klarineti ya kawaida (ya Bb) imeandikwa toni moja juu ya unachotaka kisikike, maana yenyewe hutoa sauti toni moja chini ya kilichoandikwa. Mimi nimewahi kupoteza saa nzima ya ukumbi wa kulipia kwa hilo.

Kabla hujafuta chochote, mrekodi mpiga ilimba wako akipiga kichuma kimoja kimoja, kuanzia cha chini hadi cha juu, taratibu, bila chombo kingine. Iweke hapa pamoja na ukurasa wako wa kwanza. Nitaisikiliza jioni nikitoka kazini.