Saa ya Julai usiilete Desemba: kwa wanaoanza kukimbia nasi

Novemba ikiingia, klabu huanza kupata sura mpya. Kuna aliyeona picha za medali za kipupwe akatamani, kuna aliyetumwa na daktari, kuna aliyeshalipia Kilimanjaro Marathon na sasa anahesabu wiki zilizobaki. Karibuni nyote. Mimi ndiye yule anayekaa mkiani, mwenye filimbi shingoni na chupa mbili za maji. Mkiani huko unajua mapema nani kaondoka kwa pupa, nani hakulala, na nani kavaa viatu alivyonunua jana.

Kabla ya yote shikeni hili: Dar ina misimu miwili ya kukimbia, na muda ulioupata msimu mmoja hauna kazi kwenye msimu mwingine. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kipupwe. Alfajiri joto hushuka mpaka nyuzi 19 au 20, kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma, pumzi inaingia vizuri. Hiyo ndiyo baridi yetu. Mtu wa Njombe akisikia tunaiita baridi atacheka, mwacheni acheke. Mbio za kutafuta muda tunazikimbia wakati huo. Ikifika Desemba kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, imeshakaa, na alfajiri, jua halijachomoza bado, ni nyuzi 24 au 25 na hewa ni nzito kwa unyevu. Unafunga geti la nyumbani, fulana imeshakuganda mgongoni.

Wengi hulaumu joto tu, kumbe unyevu ndio mbaya zaidi. Jasho halikupozi kwa kutoka; linakupoza kwa kukauka. Hewa ikiwa imeshiba maji, jasho linachuruzika hadi kwenye soksi na mwili unabaki na moto wake. Moyo unalazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili moto utoke, na misuli ya miguu inagawiwa kilichobaki. Kwa hiyo mapigo yanapanda ingawa kasi ni ile ile ya Julai. Kila mwaka mtu ananijia katikati ya Desemba akinong'ona kwamba mazoezi yamempotea. Hayajapotea. Ni mwezi tu.

Anayeona aibu kupunguza kasi amtazame Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni. Aprili 2025 huko Boston alishika nafasi ya pili kwa saa 2:05:04. Septemba 15 mwaka huo huo, Tokyo, kwenye joto na unyevu, alikimbia 2:09:48, karibu dakika tano zaidi, akawa bingwa wa dunia kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia ya sekunde. Njia ni tofauti, najua, na mbio za ubingwa watu hukimbia kwa kuviziana. Lakini joto nalo lilikuwa na sehemu yake, na sijasikia Mtanzania aliyemuuliza zile dakika tano alizipeleka wapi.

Kwa hiyo Desemba kwetu viongozi wa makundi hawatangazi pesi, yaani dakika kwa kila kilomita. Kipimo ni mdomo. Ukiweza kumweleza mwenzako habari ya jana kwa sentensi nzima, uko sawa. Ukijibu kwa neno moja moja, punguza. Ukishindwa kujibu kabisa, tembea, na usijifanye unafunga kamba za viatu, tunaijua hiyo. Saa ya mkononi unaweza kuivaa, ila kwa wiki mbili za mwanzo ifunike. Mwili huzoea joto kwa siku kumi hadi kumi na nne hivi za kukimbia ndani yake: unaanza kutoka jasho mapema, jasho linapungua chumvi, moyo unatulia. Wanaoshinda kwenye kiyoyozi ofisini na kulala kwenye kiyoyozi nyumbani huwachukua muda zaidi, na siyo uvivu wao.

Hapa niseme neno kuhusu programu za mazoezi mnazozitoa mtandaoni. Nyingi zimeandikwa na watu ambao Desemba kwao ni theluji na glavu. Zinakuambia upashe misuli dakika ishirini kabla ya kuanza; Dar Desemba ukifanya hivyo umeshamaliza nusu ya maji yako mwilini. Sisi hunyoosha viungo kidogo, kisha kilomita ya kwanza tunaikimbia taratibu, na hiyo ndiyo kupasha kwenyewe. Zinakuambia mbio ndefu za Jumapili uanze saa tatu asubuhi baada ya kifungua kinywa. Saa tatu hapa, lami ya Bagamoyo Road inakurudishia moto usoni. Kama unataka wenzetu wa kujilinganisha nao, tazama Brazili: wana São Silvestre mjini São Paulo, mbio za Desemba 31 zilizoanza mwaka 1925, siku hizi kilomita 15, na Desemba kwao ni majira ya joto kama kwetu.

Desemba jua la Dar huchomoza saa kumi na mbili na dakika chache. Julai ni karibu saa kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo kwenye kipupwe tukianza saa kumi na moja na nusu tuna saa nzima ya giza la baridi. Desemba muda huo huo unakupa nusu saa tu na ushee. Tunaanza saa kumi na moja na robo, na saa hiyo ni ya kuanza, siyo ya kushuka kwenye bodaboda. Giza lina masharti yake: kizibao kinachong'aa, na kukimbia upande wa kulia mkiyatazama magari yanayokuja, maana ya kwetu hukaa kushoto. Njia ya mwendokasi inavutia kwa kuwa ni tupu na imenyooka. Msiiguse. Lile basi halina pa kukukwepea.

Njia yetu ya kawaida ni Coco Beach, Daraja la Tanzanite, Hospitali ya Aga Khan, kisha Barabara ya Barack Obama kando ya bahari, halafu kugeuka. Daraja hilo lililozinduliwa 2022 lina kilomita moja na ushee na halina kivuli cha kusemea. Kwenye kipupwe, kusi inakupiga usoni ukienda mjini na inakusukuma mgongoni ukirudi Coco, raha mustarehe. Desemba mambo yanageuka: kaskazi inakusaidia ukienda, ukiwa mbichi na mwenye majigambo, kisha ukirudi umechoka, jua limetoka na upepo umeamka, unakutana nayo uso kwa uso juu ya maji. Wageni wengi nawaokota pale darajani wakati wa kurudi. Ukienda, bakiza.

Maji: kunywa unaposikia kiu, kidogo kidogo. Kuna walioambiwa wanywe kabla ya kiu, wakamaliza lita kadhaa za maji matupu na kupata kichefuchefu na maumivu ya kichwa. Maji mengi bila chumvi hupunguza sodiamu kwenye damu, na hiyo ni hatari ya kweli, siyo mzaha. Mbio zikizidi saa moja, weka ORS, ile chumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, au chumvi kidogo. Ukimaliza, dafu ni zuri lakini dafu lina potasiamu zaidi kuliko chumvi, kwa hiyo lisindikize na chakula chenye chumvi. Mihogo ya Coco yenye pilipili inatosha, na hii ndiyo sehemu ya ushauri wangu ambayo hakuna aliyewahi kuipinga. Ukimwona mwenzako anayumba, anaongea maneno yasiyoshikana, au anasema anasikia baridi kwenye jua, msimwambie ajikaze. Kivulini, maji ya baridi kichwani, barafu shingoni na makwapani, na gari la kwenda hospitali liitwe papo hapo. Gari letu la vifaa hubeba barafu za mifuko kwa kazi hiyo, siyo kwa soda za viongozi.

Sasa mbio za sikukuu. Ratiba inajulikana: Desemba 9 ni Uhuru, Desemba 26 ni ya kushusha pilau, Januari mosi ni ya kufungua mwaka. Krismasi yenyewe hatukimbii, watu wako ibadani. Katikati hapo kuna mialiko. Klabu ya Temeke inaalika, ya Tabata inaalika, na sisi tunaalika. Mtu aliyezoea mbio za saa na namba ya kifuani hushangaa siku ya mwaliko, kwa sababu pale hakuna mshindi. Ni mchakamchaka. Mwenyeji anaongoza, mwimbishaji anatoa, wote wanaitikia, na hatua zinakwenda kwa wimbo. Ukimpita mwenyeji kwenye mtaa wake mwenyewe umemvunjia heshima, hata kama una kasi ya duma. Nimewahi kuona kijana anakimbia peke yake mita mia mbili mbele ya klabu nne, akafika kwenye supu kabla sufuria halijafunuliwa, na akasimama pale hana wa kuongea naye.

Mkirudi kuna salamu, utambulisho wa klabu, na michango. Michango isiwatie hofu wala isiwapite. Klabu nyingi za jogging jijini ni za kufa na kuzikana: msiba wa mmoja ni daftari la wote. Desemba huongezeka kapu la kituo cha watoto yatima, na mwaka mwingine tunachangia damu. Anayechangia damu asikimbie kwa ushindani siku zinazofuata. Apumzike, anywe, ale.

Desemba klabu hupungua. Wachaga wanapanda mabasi Mbezi, na kundi la kasi linabaki na watu wa kuhesabika. Jiji linakuwa jepesi, Morogoro Road unaivuka bila sala. Anayebaki Dar ana bahati ya barabara. Anayekwenda Moshi ana bahati ya milima, na kama amelipia Kilimanjaro, mbio zilizoanza 2003, hiyo ni zawadi. Nusu marathoni ya kule hupanda kuelekea Mweka kabla ya kuteremka, na miguu iliyozoea Masaki tu hushtuka. Uko nyumbani kwa bibi? Panda vijia vya migombani taratibu asubuhi kabla mbege haijaanza kuzunguka. Sisi huku tunapanda kilima cha Chuo Kikuu, Mlimani, Jumatano jioni. Si Mweka, lakini kinauma vya kutosha.

Januari mosi ina wasiwasi wake. Nusu ya watu wametoka mkeshani, nusu nyingine wametoka pengine. Barabarani pia kuna madereva wa aina hizo mbili. Siku hiyo tunakaa ndani ya Oysterbay na Masaki, hatugusi barabara kubwa, na ambaye hakulala anatembea nami mkiani. Nakuwa na kundi kubwa kuliko la mbele, na mazungumzo mazuri zaidi.

Wanaofunga nao wasijione wametengwa. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo inazidi kusogea kwenye miezi hii yetu ya joto. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Kundi la jioni hukimbia kilomita chache nyepesi karibu na magharibi ili futari iwe mlangoni, na wengine hutoka baada ya tarawehe. Mbio ndefu mwezi huo si lazima.

Vifaa nitavipitia haraka. Viatu vya mtumba ni vizuri na vimevusha wengi mstari wa mwisho, ila bonyeza soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, spongi imeshakufa, hata kama juu kinang'aa. Fulana ya pamba tuachieni picha. Mafuta ya mgando mapajani na makwapani, na wanaume wabandike plasta kwenye chuchu kwa mbio ndefu. Mkicheka leo hamtacheka bafuni. Vuli bado inaweza kumwaga Desemba, kwa hiyo usikanyage dimbwi ambalo hukuliona juzi likiwa kavu. Mifuniko ya mitaro hapa mjini huhama.

Kipupwe kikirudi ndipo mtazitaka saa zenu. Jiandikisheni mapema, nafasi za kilomita 21 huisha, na mkachukue fulana, chipu ya kupimia muda na namba ya kifuani siku ya kwanza ya ugawaji, siyo jioni ya mwisho kwenye foleni. Mlio ukilia, watu watatoka mbio kama wanakimbizwa na mgambo. Waacheni. Filbert Bayi aliongoza toka mwanzo huko Christchurch, Februari 2, 1974, akamaliza kwa 3:32.2 na rekodi ya dunia. Lakini zile zilikuwa mita 1500, na yeye alikuwa Bayi.

Nyuma ya namba ya kifuani andika jina lako, simu ya ndugu, na ugonjwa kama unao: pumu, presha, sukari. Kwa mbio zetu za sikukuu zisizo na namba, andika kwenye kikaratasi, kifunge ndani ya mfuko wa nailoni kisilowe jasho, ukitie mfukoni. Mimi ndiye nitakayekitafuta.