Naitrojeni ya rundo la mboji: zunguka mtaani kabla hujaenda dukani

Nyumbani kwetu Goba kuna miembe miwili na mkorosho, kwa hiyo majani makavu hayajawahi kunipa shida. Shida ni kwamba rundo langu la kwanza la mboji lilikaa miezi minne bila kubadilika. Nilimwagilia, nikageuza, nikafunika kwa viroba, na jani la mwembe likabaki jani la mwembe. Nikichomeka nondo katikati na kuichomoa, inatoka ya baridi, wakati rundo linalooza vizuri hupata joto.

Rundo lile lilikuwa na njaa ya naitrojeni. Vijidudu vinavyoozesha hutaka kaboni ili vipate nguvu, na naitrojeni ili vijenge miili yao. Hufanya kazi vizuri zaidi penye sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Majani makavu yana kaboni kuzidi hapo, na maranda ndiyo kabisa, hupita 200 kwa 1.

Wengi wakifika hapa hununua urea. Ina naitrojeni asilimia 46 na inafanya kazi, lakini mimi sioni haja ya kutoa hela wakati majirani wanalipa gari la taka libebe naitrojeni hiyohiyo.

Ninachokitegemea zaidi ni kinyesi cha kuku. Hapa nina onyo, maana liliniuma. Mara ya kwanza nilichukua viroba vinne kwa mfugaji wa kuku wa nyama, nauli ya bodaboda ikazidi bei ya mbolea yenyewe, na nilipofungua, sehemu kubwa ilikuwa maranda ya kutandika bandani. Nilikuwa nimenunua kaboni nyingine! Siku hizi naenda kwa mfugaji wa kuku wa mayai, naomba kile kinachokwanguliwa chini ya vichanja wanapolala, na nachagua banda ninaloweza kulifikia kwa toroli. Ndoo moja ya kinyesi hicho naichanganya na ndoo nne au tano za majani makavu.

Mabaki ya genge ni ya bure kabisa. Nimempa mama wa genge kiroba, naye ananiwekea majani ya kabichi, vikonyo vya mchicha na maganda. Nami nikivuna mboga nampelekea fungu. Ila kabichi karibu yote ni maji. Gunia zima likinyauka linabaki kidogo sana, kwa hiyo usilitegemee peke yake. Machicha ya nazi nayo niliyajaribu kwa matumaini makubwa. Hayana naitrojeni ya kutosha, na mafuta yake yaliniletea panya.

Wakaanga samaki wa jioni wana matumbo na magamba ya kutupa. Hiyo ni naitrojeni nzito. Ifukie katikati ya rundo, angalau futi moja ndani, uifunike kwa majani makavu siku hiyohiyo, la sivyo paka wote wa mtaa watakuwa kwako.

Halafu kuna mkojo. Nausema wazi kwa sababu ni bure, upo kila siku, na naitrojeni nyingi inayotoka mwilini hupitia humo. Tunaukusanya kwenye dumu lenye kifuniko, jioni naumwaga juu ya majani makavu na kuyafunika kwa mengine. Ukifunikwa vizuri, harufu haifiki hata dirishani.

Uzio wangu sasa ni miti ya mlusina. Ukiukata unachipua tena, na majani yake mabichi yana naitrojeni nyingi kwa kuwa ni jamii ya mikunde. Ukate kabla maganda ya mbegu hayajakauka, usije ukapalilia miche yake kila kona ya shamba. Walioko nyanda za juu, kama Lushoto au Moshi, watazame kando ya barabara: alizeti pori yenye maua ya njano inafaa vilevile.

Kuipata naitrojeni ni nusu ya kazi, kwani huruka. Niliwahi kuchanganya kinyesi cha kuku na majivu ya jikoni nikidhani naongeza rutuba. Macho yaliwasha, jirani akaja kugonga geti. Majivu huigeuza naitrojeni kuwa gesi ya amonia, na ile harufu kali ndiyo mbolea yako inayoondoka. Ukiisikia, ongeza majani makavu papo hapo, geuza, funika. Majivu nayapeleka moja kwa moja bustanini, mbali na rundo.

Nondo bado naitumia. Naiacha ndani dakika kumi. Rundo likiwa sawa, siku ya tatu au ya nne sehemu iliyokuwa katikati haishikiki kwa joto. Ikitoka vuguvugu na rundo lina unyevu wa kutosha, naongeza ndoo ya kinyesi. Na mvua za masika zikikaribia natafuta turubai mapema, maana maji yakipita katikati ya rundo huichukua naitrojeni na kwenda nayo mtaroni.