Mvuvi Anauliza: Besi na Maji Yaliyopoa

Wahariri, habari za kazi. Nimezoea kuvuta kolekole kwa Rapala, samaki bandia, nikiwa kwenye mashua huku kwetu Kigamboni. Mwezi wa saba tunakwenda Nairobi kikazi, na wenzangu wamepanga tukimaliza tupitie Ziwa Naivasha kuvua besi, samaki wa maji matamu. Mmoja ananiambia Julai kule ni baridi kali, samaki hawali, kwa hiyo ninunue jigi nzito, ile ndoana yenye kichwa cha risasi, niilaze chini na nisiitikise. Kariakoo nimeona vyambo bandia vya kila rangi na sijui nianzie wapi. – Msomaji, Kigamboni

Mwenzako anachanganya baridi ya mvuvi na baridi ya samaki. Naivasha iko mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari na alfajiri ya Julai sweta utalitafuta. Lakini ziwa liko karibu sana na ikweta, na maji hayapoi haraka kama hewa. Hubaki kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, au zaidi kidogo. Besi mdomo-mpana hustarehe kati ya nyuzi 18 na 27, kwa hiyo hapo hajaguswa na baridi yoyote. Kulaza chambo bila kukitikisa ni ufundi wa maziwa ya Marekani mwezi Januari, maji yakiwa na nyuzi 6 au 7.

Samaki hana joto lake mwenyewe, mwili wake hufuata maji. Maji yakipoa, tumbo linasaga polepole, njaa inapungua, naye hataki tena kufukuza kitu mbali. Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni kipimajoto. Kifunge kwenye mshipi pamoja na chubwi, kishushe mita 2, subiri dakika 2, kisha kivute upesi usome. Kupima kwa juu mchana kunadanganya, maana jua hupasha sentimita chache za juu huku alipo samaki pakiwa pamepoa.

Ukishajua nyuzi, mambo yanajipanga. Zaidi ya 18, vuta kwa mwendo wa kawaida. Chambo chenye bati linalozunguka kitafaa, na samaki wa plastiki mwenye mdomo wa kuzamia (kibati cha mbele kinachomshusha chini), anayeyumba kwa upana, atafaa vilevile. Kati ya 18 na 12 punguza mwendo, uchague samaki wa plastiki bapa anayetikisika kwa mtetemo mfupi badala ya yule wa kujitupatupa huku na huku. Chini ya 12 ndipo jigi, kijiko cha chuma cha kushushwa wima na samaki wa plastiki wa kusimama katikati ya maji wanapochukua kazi. Sisi tunaamini mwendo una uzito kuliko umbo. Mtu mwenye chambo kimoja anayejua kukipunguza kasi atampita mwenye sanduku zima anayekokota kila kitu kwa mwendo wa kolekole.

Kwa Naivasha nunua vitatu tu: jigi ya gramu 10 yenye nywele ngumu za kukinga ndoana isinase kwenye mafunjo, minyoo ya mpira ya sentimita 10 hadi 15, na chambo kimoja cha bati la kuzunguka. Jigi tunaitanguliza kwa sababu ya chakula kilichoko. Besi wenyewe waliletwa ziwani humo kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji matamu wenye asili ya Louisiana. Besi aliyekua huwala sana kamba hao. Jigi ya kahawia au nyekundu iliyokolea, yenye kipande cha mpira chenye makucha mawili nyuma, ikitambaa chini hufanana na chakula chake cha kila siku.

Itupe pembeni mwa mafunjo, iache izame mshipi ukiwa nusu umelegea, na macho yasitoke kwenye mshipi. Mshipi ukilala, jigi imefika chini. Hesabu hadi 3, ikokote sentimita 20 kwa kusogeza fimbo pembeni, simamisha, kusanya mshipi uliolegea, rudia. Besi anapouma jigi, mara nyingi si kwa mshtuko. Unahisi uzito tu, kama umenasa kitambaa kilicholoa, au unaona mshipi ukienda pembeni wakati wewe hujafanya kitu. Zungusha rili kuondoa ulegevu kwanza, ndipo uvute kwa nguvu. Ukivuta mshipi ukiwa umelegea, ndoana haichomi na samaki anatema.

Fimbo na rili za baharini ziache nyumbani. Nailoni ya milimita 0.50 unayovutia kolekole ni nene mno kwa kazi hii: inaiinua jigi nyepesi, na samaki mwenye mdomo wa kuzamia hafiki kina kilichoandikwa kwenye boksi lake. Milimita 0.28 hadi 0.30 inatosha, na fimbo ya mita 2 ya nguvu ya kati.

Na jambo moja lisilohusu chambo kabisa. Naivasha kuna viboko, tena wengi. Kodi mashua yenye nahodha wa pale pale, msijibanze kwenye mafunjo alfajiri wala jioni, na mtazame upepo wa mchana, maana husukuma visiwa vya magugu maji vikawafungia njia ya kurudi. Leseni ya uvuvi wa burudani ishughulikieni kabla ya kushuka majini.

Shikamooni. Mjomba wangu anaishi Tennessee, Marekani, na Novemba nakwenda kumtembelea. Ameniletea samaki wawili wa plastiki wa gramu 14, eti ukiacha kuvuta wanasimama katikati ya maji, hawapandi wala hawazami. Nimewajaribu Coco Beach, wanapanda juu kama boya. Nikadhani ndoana ni dhaifu, nikamvika mmoja ndoana za chuma cha baharini. Nyumbani kwenye ndoo huyo sasa anazama. Wameharibika? – Msomaji, Sinza

Marahaba. Hawajaharibika, ila umewapima kwenye maji yasiyo yao. Maji ya bahari ni mazito kwa sababu ya chumvi. Chambo cha gramu 14 kilichotengenezwa kusimama kwenye maji matamu, kikiingia baharini kinasukumwa juu na nguvu ya karibu theluthi moja ya gramu. Inaonekana ndogo, lakini chambo cha aina hii hakina hata akiba hiyo. Kuhusu ndoana, za baharini zina waya mnene, na seti nzima inaweza kuongeza gramu moja au zaidi. Lazima kizame.

Rudisha ndoana za awali, au ununue za matawi matatu za saizi ileile na unene uleule. Kisha pima upya ndooni, lakini usipime kwa maji ya bomba ya Dar yalivyo. Maji ya nyuzi 28 ni mepesi kuliko ya nyuzi 9, na kwa chambo chako tofauti hiyo ni kama gramu 0.05. Kinachosimama vizuri Sinza kitapanda polepole Tennessee. Chukua ndoo ndefu, mimina maji, tia barafu na ukoroge mpaka kipimajoto kisome nyuzi 9 au 10, halafu toa vipande vilivyobaki ili visikiguse chambo. Mfunge samaki kwa mshipi na klipu utakayotumia kweli, kwa sababu klipu nayo ina uzito. Mwache ndani dakika 5 apoe, kisha msukume chini kwa kidole, umtazame.

Akipanda haraka, chukua waya mwembamba wa risasi na uuzungushie shingo ya ndoana ya mbele, mzunguko mmoja kwanza. Mrudishe ndooni. Ongeza mzunguko mmoja mmoja mpaka asimame, au apande taratibu mno, pua ikiinama kidogo. Waya usiuweke kwenye ndoana ya nyuma. Mkia utashuka, pua itatazama juu, na ukivuta hatajipinda tena inavyotakiwa. Kwenye maji yaliyopoa tunapendelea apande kidogo kuliko azame, maana anayezama hunasa kwenye visiki huku wewe ukisubiri.

Kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Kwenye mabwawa ya kusini mwa Marekani besi hula vidagaa vinavyoitwa shadi, na vidagaa hivyo haviwezi baridi. Joto la maji likishuka sana huishiwa nguvu, vikatetemeka, vikasimama, vingine vikafa. Samaki wako anaiga kidagaa anayekata roho. Mvute kwa mikato miwili mifupi ya fimbo kuelekea chini, kisha rudisha fimbo mbele mshipi ulegee. Maji yakiwa na nyuzi 13, mpe sekunde 3 hadi 5. Yakifika 8, mpe 10 hadi 20, na wapo wanaongoja zaidi. Mshipi ukibaki umekaza humvuta kwako taratibu bila wewe kujua, na kusimama kwake kumekwisha. Tumia mshipi wa florokaboni wa ratili 8 au 10, kwa kuwa huzama. Uzi wa kusuka huelea na utamnyanyua pua.

Ukikuta siku hiyo bwawa limechafuka ghafla bila mvua, maji yana harufu ya tope na mapovu hayapasuki, basi maji ya juu yamepoa, yakawa mazito, yakazama na kuyapandisha ya chini yenye hewa kidogo. Hutokea vuli na huchukua siku kadhaa. Usibishane na eneo hilo, hamia kwenye vijito vifupi vinavyoingilia bwawani au karibu na ukuta wa mawe. Mwambie mjomba akuonyeshe namna ya kununua leseni ya mgeni kwenye mtandao kabla hujafika.

Rangi ina umuhimu gani hasa? – Msomaji, Tabata

Kidogo kuliko wauzaji wanavyotaka uamini. Maji maangavu: kahawia, kijani cha majani makavu, fedha isiyong'aa sana. Maji ya tope: nyeusi na bluu, kwa sababu samaki anahitaji kuona umbo lenye kivuli kizito, au njano kali. Zaidi ya hapo unalipia boksi.

Vyambo hivi vya besi naweza kuvitumia Rufiji kwa taiga, yule samaki wa mtoni mwenye meno makali? – Msomaji, Mbagala

Ya mpira, hapana, taiga ataikata mara moja kwa meno yale. Vijiko vya chuma vya gramu 20 hadi 30 vinafaa, pia samaki wa plastiki mgumu, lakini ng'oa ndoana nyepesi uweke imara, kwa kuwa mdomo wake ni mfupa na huzikunja. Tanguliza waya wa chuma wa sentimita 20 hadi 30 kabla ya chambo. Yale ya kusimamisha na kungoja sahau kabisa, huyu mvute kwa kasi. Sehemu kubwa ya mto huo ipo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na humo huingii na fimbo bila kibali.