Mkuu, mwaga hiyo ndoo kabla hujatia fimbo za gofu

Hizo fimbo ziko wapi sasa hivi? Kama ndoo imeshajaa maji, imwage. Umeandika kwamba umepata seti ya zamani ya gofu pale soko la Memorial, ayani saba (zile za kichwa chembamba cha chuma) zenye kutu na wudi mbili (zile za kichwa kinene) za mbao, na leo usiku unaziloweka zote kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga na siki. Kesho unazipiga brashi, unabadilisha gripu za kushikia, unaziuza, na unataka kujua bei. Nilipofika hapo pa kuloweka tumbo lilinikata, maana na mimi nilifanya hivyo hivyo, hapa hapa Moshi, na kilichoharibika hakikuwa changu.

Ilikuwa draiva ya mjomba, ile wudi ya kupigia mbali kuliko zote. Miaka ya themanini mjomba alikuwa kedi, anabeba mifuko ya watu kwa ujira wa siku, na mtaalamu mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba wake akamwachia fimbo ile. MacGregor, kichwa cha persimoni, mbao ngumu ya Marekani ambayo ndiyo ilikuwa ikitengenezewa draiva kabla vichwa vya chuma havijashika soko. Rangi yake kama asali iliyokolea. Usoni ilikuwa na kipande chekundu cha plastiki kilichokazwa kwa skrubu ndogo nne, chini bati la aluminiamu, na shingoni, pale mpini unapoingia kichwani, uzi mweusi uliozungushwa ukabana, mzunguko juu ya mzunguko. Vumbi lilikuwa limeganda kwenye vichwa vya skrubu, basi. Ugonjwa wake wote ulikuwa huo. Nilitaka ing'ae nimrudishie siku ya Pasaka.

Nikauliza kwenye kundi letu la WhatsApp. Kuna bwana mmoja mle aliyejitwika ualimu, kila swali la fimbo analijibu yeye, akaniambia: loweka usiku kucha, uchafu utajitoa wenyewe. Hakuuliza fimbo ni ya mbao au ya chuma. Hakuomba hata picha. Baadaye nikaja kujua kwamba maisha yake yote amesafisha ayani tu, tena za kwake mwenyewe, na mbao hajawahi kuigusa. Mtu kama huyo ukimpa zeze la babu yako atalitia ndooni ili liimbe vizuri! Na mpaka leo anaendelea kuwajibu watu vilevile. Hili ndilo linaloniudhi kuliko hasara yenyewe, kwa sababu nimeona kabisa kwamba maelezo uliyopewa wewe ni yale yale.

Asubuhi nilipoitoa kwenye maji haikuonekana na tatizo. Ilikuwa nzito kidogo, na ule uzi wa shingoni umelegea unateleza chini ya kidole. Nikaiweka juani juu ya bati la banda la kuku ikauke haraka. Ilikuwa Februari, na jua la Moshi la Februari unalijua. Saa nane mchana nikasikia mlio mdogo, kama mtu amevunja kijiti kikavu. Nilipofika, kile kipande chekundu kilikuwa kimeinuka upande mmoja hata ukucha unapita chini yake, na ufa umetoka shingoni umefuata nyuzi za mbao mpaka karibu na uso.

Fundi seremala ndiye aliyenieleza kilichotokea. Vanishi ya zamani hata ikionekana nzima huwa imejaa nyufa ndogo ndogo, na maji hupita humo, kwenye matundu ya skrubu na chini ya uzi. Mbao ikinywa maji huvimba kwa upana, urefu wake haubadiliki sana. Plastiki na aluminiamu hazivimbi pamoja nayo, kwa hiyo gundi inaachia. Halafu ukiianika juani, nje inakauka na kusinyaa wakati ndani bado kumejaa maji. Nje inabana, ndani hakukubali, mbao inapasuka. Kwa hiyo maji yalianza kazi na jua likaimaliza, na vyote viwili niliviita mimi kwa mikono yangu.

Nilimpelekea mjomba hivyo hivyo, sikuwa na la kuficha. Akaipokea kwa mikono miwili, akapitisha dole gumba juu ya ufa kutoka juu hadi chini, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hii, mwanangu, haijawahi kunyeshewa." Kumbe enzi zake mvua ikianza tu alikuwa akiivika soksi ya sufu na mfuko wa nailoni juu yake, yeye mwenyewe analowa, fimbo hailowi. Miaka yote hiyo. Mimi nikaimaliza kwa usiku mmoja, na sabuni juu.

Sasa shika neno moja tu kutoka kwangu: lowesha kitambaa, usiloweshe fimbo.

Na usidhani ayani zimesalimika. Mpini wa chuma uko wazi ndani kama bomba. Maji yakiingia kwa juu, kwenye tundu la gripu, yanashuka mpaka shingoni na kukaa huko, na kutu inakula kutokea ndani usikoona. Ayani namba tano niliyoiloweka siku ile ile ilikuja kukatika shingoni miezi michache baadaye, kichwa kikaruka mbele. Bahati hakukuwa na mtu.

Kwa ayani chukua mswaki wa zamani, maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, sugua uso na mifereji yake huku kichwa kimeelekea chini, kisha futa papo hapo. Penye kutu funga kitambaa chenye siki kama nusu saa, sugua kwa stilwaya laini, futa kwa maji yenye magadi kidogo, kausha, paka mafuta ya cherehani. Usiache siki ilale hapo. Krome ikiwa imebanduka mahali, siki inapenya chini yake na kula chuma. Msasa na grenda weka mbali kabisa, vinakula krome na kufuta kingo za mifereji.

Wudi zako kwanza hakikisha ni mbao kweli, maana jina peke yake, ingawa kwa Kiingereza ni mbao, halikwambii. TaylorMade walianza kuuza draiva ya kichwa cha chuma mwaka 1979, na mpaka leo watu wanaziita wudi. Gonga kwa kifundo cha kidole, usikie kama ni mlio wa bati au wa meza. Angalia skrubu chini na uzi shingoni. Kama ni mbao, ni kitambaa kilichokamuliwa sana na kingine kikavu nyuma yake, mara moja. Skrubu kaza kwa mkono, taratibu. Uzi ukilegea usiupuuze, ndio unaozuia shingo isipasuke unapopiga. Uzi wa nailoni wa fundi viatu uliopakwa nta unafanya kazi nzuri, ila uvute ubane kila mzunguko.

Na kama nimechelewa na zimeshalala ndooni, zitoe sasa hivi, usisubiri kuche. Futa, usiguse skrubu hata moja, usianike juani, usiweke karibu na jiko. Funga kila kichwa kwa gazeti, weka chini ya kitanda au kabatini, badilisha gazeti kila siku wiki ya kwanza. Kila Jumamosi zipeleke dukani ukapime kwenye mizani ile ya sukari, uandike uzito. Siku uzito utakapoacha kushuka wiki mbili mfululizo, hapo ndipo fungua gazeti utazame shingo, na uweke picha hapa tuone.