Hilo boksi jekundu si jembe: namna ya kulitambua na kufunga kitakachokufaa

Ndugu yangu wa Mambrui, umesema umenunua trekta ndogo ya magurudumu mawili, ile ya kutembea nyuma yake, kwenye vitu vilivyouzwa na villa moja. Muuzaji kakuapia kwamba lile boksi la mbele ni jembe la mashine kwa sababu kibandiko kimeandikwa FRESA, na sasa wataka kujua utalifunga vipi lilime kabla ya masika.

Picha zako nimeziangalia mara tatu. Kibandiko kimechanika. Ukitazama pale chini ya mchubuko utaona herufi NE na kipande cha V. Neno zima ni FRESANEVE. Fresa peke yake kwa Kitaliano huweza kuwa jembe la kuzunguka, hapo muuzaji hakusema uongo, lakini neve ni theluji. Umeuziwa mashine ya kurusha theluji, na uko Mambrui.

Usione haya. Mimi hutengeneza mashine za bustani kwenye villa za huku Malindi, na boksi kama hilo lako ni la tatu kuliona. Mtaliano anayetoka milimani kwao akihamia huku hupakia kontena zima: meza, baiskeli, na trekta ya bustani pamoja na kila kilichokuwa kimefungwa nayo. Theluji yenyewe sijaikanyaga, nimeiona tu juu ya Kilimanjaro nikiwa Loitokitok.

Jembe la mashine huwa wazi chini. Lina shafti yenye visu vilivyokunjwa mfano wa herufi L, na bati juu yake la kuzuia udongo usikurukie. Lako liko wazi mbele. Ndani kuna vyuma vilivyojiviringa kama parafujo ya kinu cha kusagia nyama, vya kushoto vimepinda huku na vya kulia vimepinda kule, ili theluji ivutwe katikati. Chungulia nyuma yake utaona feni nene ya chuma. Hiyo ndiyo inayorusha. Juu kuna bomba lenye shingo kama ya bata, ambalo hugeuzwa kuchagua upande wa kurushia, na pembeni chini kuna viatu viwili vya chuma vya kuteleza. Ukishaona bomba na viatu, hakuna haja ya kuuliza mtu.

Najua utakalouliza sasa, maana na mimi nilijiuliza: si tuondolee mchanga basi? Upepo wa kusi unatujazia mchanga hadi mlangoni. Boksi la kwanza nililolipata nililijaribu kwenye njia ya villa iliyo karibu na ufuo, mlinzi akiwa amesimama na simu tayari kupiga video. Lilitupa mchanga hatua mbili hivi, likatoa mlio, parafujo ikasimama huku injini ikiendelea kunguruma. Theluji kavu iliyoanguka sasa hivi haifiki kilo 100 kwa mita moja ya ujazo. Mchanga mkavu ni kama kilo 1,600. Halafu mchanga ni msasa, unakula beringi na feni.

Kilichokatika siku ile ni bolti. Kila upande wa parafujo kuna bolti laini iliyopita katikati ya shafti, na imewekwa makusudi ikatike pale parafujo ikigonga jiwe, ili giaboksi ipone. Mimi kwa ujuaji wangu nikatia bolti ngumu ya gari. Safari ya pili bolti haikukatika, yakakatika meno ya gia ndani, na gia yenyewe ilikuwa ya shaba nyeusi. Lile boksi likaenda kwa wa chuma chakavu. Lako liuze likiwa zima. Na hata likiwa limezimwa, usiingize mkono kwenye bomba kutoa takataka. Feni huweza kuwa imekaza, ukitoa kilichoikwamisha inazunguka mara moja. Tumia kijiti.

Sasa mali yako iko wapi? Iko kwenye trekta. Trekta za namna hii zimeundwa kubadilishiwa vifaa: jembe, kikwanja cha kukata majani, hata tela. Nyingi mishikio yake hugeuka nusu duara. Kwa theluji au kukata majani kifaa hukaa mbele yako, kwa kulima unageuza mishikio ili jembe liwe upande wako. Kwenye picha ya nne naona mishikio yako ina kitasa cha kuigeuzia, kwa hiyo kulima inaweza.

Shida yote iko kwenye kiungo, pale boksi linapokutana na giaboksi ya trekta. Watu hununua kwa chapa. Mimi pia. Niliagiza jembe Mombasa kwa jina la kampuni tu, likaja, bolti zikaingia vizuri kabisa, nikafurahi. Kumbe meno ya kuzungushia hayakukutana. Kila mtengenezaji ana kiungo chake, na yupo anayebadilisha kati ya toleo la zamani na jipya.

Kwa hiyo kabla hujatoa shilingi, vua boksi. Bolti zikikataa usizipige nyundo. Chumvi ya bahari imeshaunganisha chuma na aluminiamu hapo, zimwagie mafuta ya kulainisha kutu, ziache zilale usiku mzima, asubuhi rudia. Likitoka, futa grisi yote mpaka uone chuma. Hesabu meno ya shafti ya PTO, yaani ile inayotoa nguvu ya injini kuzungusha kifaa. Pima umbali wa bolti mbili za kufungia, kutoka katikati ya hii hadi katikati ya ile. Pima upana wa duara linalojichomeka ndani na kina chake, kwa kalipa ya fundi wa kukereza vyuma, si kwa tepu ya fundi cherehani. Milimita moja hapo ni nyingi. Kisha tafuta kibati cha namba kwenye mwili wa trekta, uandike kilichoko mbele ya neno Tipo na mbele ya Matricola.

Bado mzunguko, ambao wengi husahau. Kuna trekta ambazo shafti yake huzunguka kulia na nyingine kushoto, na jembe lililotengenezwa kwa upande mwingine litazunguka kinyumenyume. Toa plagi kwanza, injini isiweze kuwaka. Weka alama ya chaki kwenye shafti, tia PTO, mwenzako avute kamba polepole, wewe utazame chaki inaelekea wapi.

Akitokea mtu akikwambia achomelee tu, kataa. Nyumba ya giaboksi si chuma cha geti. Nimeona moja ikipata ufa siku ileile ya kwanza shambani. Kama meno hayalingani, fundi mzuri wa kukereza Mombasa anaweza kukutengenezea kipande cha kuunganisha, ila mpelekee viungo vyote viwili mkononi, asifanye kazi kwa picha ya simu.

Na wengine wanaosoma: huyu ndugu trekta yake ina kichujio cha hewa, nimekiona. Lakini mashine kamili za theluji zinazotoka Marekani na Kanada, nyingi injini zake hazina kichujio kabisa, kwa sababu kwenye theluji hakuna vumbi na kichujio chenyewe kingeganda. Niliwahi kutoa injini ya namna hiyo nikaifunga pampu ya maji huko Ganda. Haikumaliza msimu, silinda ilikuwa imekwaruzika kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Na starta yake ya kuchomeka ukutani ni ya volti 120, huku kwetu ni 240. Moshi utauona kabla ya injini kuwaka.

Ukilipata jembe, anza na visu vya bei ya chini. Shamba lako likiwa na mawe ya matumbawe kama ya Gede, seti ya kwanza utaivunja tu. Weka hapa picha ya kiungo kikiwa kimefutwa, rula ikiwa pembeni, pamoja na hizo namba mbili. Nina jembe moja stoo lililonigomea mimi, huenda likawa saizi yako.