Shangazi, mchumba anang'ang'ania Maldives Julai, nami naogopa deni na mawimbi

*Hujambo Shangazi? Nina miaka 28, naishi Donholm. Tutafunga ndoa Julai na tumeweka Sh180,000 za fungate. Mchumba wangu ameona ofa ya Maldives mtandaoni, sasa anataka kukopa Sh300,000 kwenye sacco ili kujazia. Nilipomtajia Zanzibar au Lamu alisema watu watatucheka. Mimi naogopa deni. Pia sijui kuogelea, na chombo kikitikisika natapika. Kuna mtu aliniambia Julai bahari huchafuka. Nifanyeje?*

Sijambo, binti yangu, na hongera.

Huyo aliyekwambia bahari huchafuka Julai hakukudanganya. Wakati huku Nairobi tumejifunika masweta kwa kipupwe, pwani huvuma kusi, upepo utokao kusini-mashariki. Huanza Aprili, hukaza Juni na Julai, kisha hulegea kuelekea Septemba. Kwa hivyo kabla hamjabishana kuhusu kisiwa, ulizeni upepo unakipiga upande gani, kwa sababu kisiwa kimoja kinaweza kuwa na mawimbi mashariki na maji yaliyotulia magharibi siku hiyo hiyo.

Hiyo ofa ya Maldives nayo ina sababu ya kuwa rahisi. Kule Mei hadi Oktoba ni msimu wa mvua na upepo wa kusini-magharibi. Miezi yao mizuri ni Januari hadi Machi, na hapo bei hupanda. Tena bei ya tangazo mara nyingi ni ya chumba tu. Kutoka uwanja wa Malé hadi kisiwa cha hoteli ni kwa boti ya kasi au ndege ya majini, na nauli hiyo hulipwa kando. Ndege za majini hazipai usiku; mkitua jioni mtalala mjini Malé kwa gharama yenu. Tangu Januari 2025 kodi ya mazingira kwenye hoteli za visiwani ni dola 12 kwa kila mtu kwa kila usiku, yaani dola 120 kwa watu wawili kwa usiku tano, kabla hamjanunua hata soda. Juu ya bei ya hoteli kuna kodi ya asilimia 17 na ada ya huduma ya asilimia 10. Na wewe unayetapika utaanza fungate ndani ya boti ya kasi wakati wa mawimbi!

Shelisheli hupigwa na upepo huo huo wa kusini-mashariki, na Mauritius Julai ni majira yao ya baridi. Mtakuwa mmetoka kwenye sweta mkaingia kwenye sweta nyingine.

Kwa hela mlizo nazo ningewapeleka Unguja, kaskazini-magharibi, ufuo wa Kendwa au upande wa magharibi wa Nungwi. Huko kusi inakuja kwa nyuma ya kisiwa, na maji hayaendi mbali yanapokupwa. Paje na Jambiani ni kuzuri, lakini kunatazama mashariki. Julai hujaa watu wa kuteleza majini wakivutwa na tiara, nao wanafuata upepo huo huo mnaoukimbia. Hoteli yenye picha nzuri na bei ya kushangaza mara nyingi iko upande huo, kwa hivyo itafute kwenye ramani kabla hujaipenda.

Halafu tazama mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Pwani yetu, siku za bamvua, maji hujaa mnamo saa kumi jioni na kupwa mnamo saa nne asubuhi, kisha saa hizo husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Kwa fuo za mashariki maana yake ni kwamba utaamka ukute bahari imeondoka, unatembea juu ya mwani na mawe. Maji mafu, karibu tarehe 7 na 22 za mwezi wa Kiislamu, hayaendi mbali hivyo. Kendwa jambo hili halina uzito sana, ila kwa asiyejua kuogelea ni vyema kujua maji yanakuja au yanaondoka.

Na kuna kalenda ya mwezi wako mwenyewe, ambayo wanakamati wa harusi hawaikumbuki kamwe. Hesabu sasa. Ikiangukia safarini, muone daktari mapema. Vidonge vya kuahirisha hedhi huanzwa siku 3 hivi kabla ya tarehe, na havimfai kila mwanamke, hasa aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa.

Lamu nayo inawezekana. Kati ya Lamu na Manda kuna mkondo uliokingwa ambamo mashua hutembea bila kukutesa, lakini ufuo mrefu wa Shela umeelekea bahari kuu, na Julai huo ni wa kutembea, si wa kujifunza kuogelea. Nendeni kwa ndege hadi Manda. Kidonge cha kichefuchefu humezwa kabla ya kupanda chombo. Ukisubiri uanze kutapika, nacho kitatoka.

Hizo Sh180,000 nizigawe hivi: tiketi zisizidi 60,000, malazi 75,000 kwa usiku tano, chakula, teksi na mashua 30,000, na 15,000 zikae bila kuguswa. Msihesabu ahadi za harambee. Ahadi hulipwa baada ya harusi, na nyingine hazilipwi. Msisafiri kesho yake asubuhi pia, kwani bibi harusi aliyelala kwa saa mbili tu hufika uwanjani akilia. Harusi ikiwa Jumamosi, ondokeni Jumanne.

Tiketi yako iandikwe jina lililo kwenye pasipoti, yaani la kwenu. Kubadilisha kitambulisho kusubiri mkirudi; majina yakitofautiana mtakwama kaunta. Pasipoti iwe na angalau miezi sita. Mkitoka Kenya mtadaiwa cheti cha homa ya manjano: chanjo ipigwe siku 10 au zaidi kabla ya safari, na cheti hakiishi muda. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar hudai wageni pia bima ya safari ya shirika la bima la huko huko, na bima yenu ya Nairobi haichukui nafasi yake. Wakala akikutaka utume pesa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, acha. Andikia hoteli yenyewe barua pepe, uliza kama jina lenu limo kwenye vitabu vyao, ndipo umalizie malipo.

Sasa mchumba. Usimwambie "naogopa deni" mkiwa ndani ya matatu. Kaeni mezani na kalamu, yeye mwenyewe ajumlishe: chumba, boti, dola 120, kodi, nauli ya kupitia nchi za Ghuba. Kisha muulize wadhamini wa huo mkopo ni akina nani. Nadhani ni marafiki wale wale walio kwenye kamati, na mkikwama akiba yao ndiyo itakayokatwa. Hao ndio watakaowacheka, na watakuwa na haki. Usimnyang'anye Maldives kabisa, maana huenda ameshaitangaza kazini. Mwambie mtaanza kuiwekea akiba Agosti, muende Februari ya mwaka wa pili au wa tatu, wakati bahari ya kule imetulia.

Akikataa hata kushika kalamu, niandikie tena kabla hamjachapisha kadi.